Umbizo na Nakala Rudufu: Historia ya Istilahi Mbili za Kompyuta ya Nyumbani

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na kompyuta, yako mawili ambayo mtumiaji wa kawaida hukutana nayo mara chache tu. Lakini kila anapokutana nayo, huwa yamo hatarini mambo ambayo yakipotea hayapatikani tena: hesabu za duka, picha za arusi, mswada wa diwani, barua za marehemu. Maneno hayo ni umbizo na nakala rudufu. La kwanza hutaja namna diski inavyopangwa ndani ili iweze kupokea faili; la pili hutaja nakala inayowekwa kando ili ya asili ikiharibika, kazi isipotee.

Shabaha ya makala haya ni tatu. Kwanza, tutaeleza kwa ufupi historia ya vitu vyenyewe, kwa kuwa istilahi isiyojua historia ya kitu chake huyumba. Pili, tutayapima maneno tuliyo nayo na kuona yanasema nini na yanaficha nini. Tatu, tutapendekeza maana ambazo wafasiri, walimu na watunga kamusi wangeweza kuzishika. Katika jambo hili neno baya haliishii kuwa kosa la sarufi tu. Humpotezea mtu kazi yake.

Kanda, sahani na kaseti

Kompyuta za kwanza za biashara ziliweka kumbukumbu zake katika kanda za sumaku. UNIVAC, ambayo ya kwanza ilikabidhiwa Idara ya Sensa ya Marekani mwaka 1951, ilitumia kanda za madini. Kanda ina tabia moja: ukitaka kilichoandikwa mwisho huna budi kupita kila kilichotangulia, kama msomaji wa chuo cha kukunja. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, na ndani yake sahani 50 za sumaku, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka pamoja kwenye mhimili mmoja. Zote kwa jumla ziliweka herufi milioni 5. Hiyo ndiyo diski ya kwanza. Mkono wa kusomea uliweza kwenda moja kwa moja mahali unapotaka, na kwa hiyo likazuka swali jipya: mahali hapo hujulikanaje? Diski iligawanywa kwa miviringo na vipande, na kila kipande kikapewa anwani yake. Ugawaji wa namna hii ndio asili ya kile tunachokiita leo umbizo.

Nyumbani mambo yalianza kwa unyonge zaidi. Mwaka 1977 zilipotokea Apple II, Commodore PET na TRS-80, wanunuzi wengi waliweka programu zao katika kaseti za kawaida, zile zile za muziki. Miaka miwili kabla ya hapo, mnamo Novemba 1975, wataalamu walikutana katika mji wa Kansas City wakaafikiana juu ya namna moja ya kuandika data katika kaseti, ili kaseti ya kompyuta moja isomeke na nyingine. Mwendo wake ulikuwa biti 300 kwa sekunde; kumbukumbu ya kilobaiti 16 ilichukua karibu dakika 10 kuandikwa. Msomaji ataona kwamba tangu mwanzo tatizo la umbizo lilikuwa tatizo la usanifishaji. Mafundi wale walikuwa wakifanya katika sumaku kazi ile ile ambayo Kamati ya Lugha ilianza kuifanya katika tahajia ya Kiswahili mwaka 1930: kukubaliana juu ya namna moja ya kuandika ili wote wasome.

Disketi na mgawanyiko wa maumbizo

Mwaka 1976 kampuni ya Shugart ilitoa kifaa cha kusomea disketi ya inchi 5 na robo, na katika miaka michache disketi ikaingia majumbani. Disketi nyingi ziliuzwa zikiwa tupu kabisa, bila mgawanyo wowote. Mnunuzi alipaswa kwanza kuiamuru kompyuta yake iipige mistari disketi hiyo, kama mwanafunzi anayepiga mistari katika karatasi kabla ya kuandika. Kila kampuni ilikuwa na mistari yake. Disketi iliyopangwa na Apple II haikusomeka katika kompyuta nyingine, ijapokuwa kwa macho disketi zote zilifanana.

Mwaka huo wa 1977 Marc McDonald wa Microsoft alibuni utaratibu ulioitwa FAT, yaani jedwali linaloonyesha ni vipande gani vya diski vimekwisha kutumika na kila faili inaendelea wapi. Mwaka 1981 utaratibu huo uliingia katika kompyuta ya binafsi ya IBM, na kwa kuwa kompyuta hiyo iliigwa na viwanda vingi, FAT ikaenea ulimwenguni. Kuenea huko hakukutokana na ubora wake. Kulitokana na kutumiwa na wengi, na huu ni mwendo tunaoujua sana katika lugha.

Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta ya XT iliyokuwa na diski ya ndani ya megabaiti 10. Mfumo wake, DOS 2, ulikuja na amri mbili, moja ya kuweka nakala na moja ya kurejesha. Disketi ya wakati ule ilichukua kilobaiti 360. Kwa hiyo aliyetaka kunakili diski nzima alihitaji karibu disketi 30, akizibadilisha moja moja kwa mkono na kuzipa namba. Ikiharibika moja, faili zilizokuwamo hupotea. Haishangazi kwamba wengi waliiahirisha kazi hiyo hadi siku ambayo haikufaa kitu tena. Wahenga walisema majuto ni mjukuu.

Neno kuumbiza na hatari yake

Hapa ndipo historia inapokutana na istilahi. Kitendo cha kuipanga diski tumekiita kuumbiza, kutokana na umba. Kwa upande wa uundaji neno ni zuri: ni fupi, ni la Kibantu, hunyambulika bila taabu, na limezaa umbizo. Lakini tunaona kasoro moja. Umba ni kuleta kitu kisichokuwako. Kwa disketi tupu ya mwaka 1978 neno hilo lilistahili kabisa, maana disketi ilikuwa ukiwa na sasa imepata sura. Kwa diski iliyokwisha kujaa kazi za miaka mitano, kuumbiza ni kubomoa nyumba ili kiwanja kipimwe upya. Neno linatangaza uumbaji mahali ambapo pana maangamizi.

Kosa hili halikuanza na Kiswahili. Hata katika lugha ya Kiingereza amri ile ilikuwa na jina la upole, na watumiaji wa DOS walifuta diski zao wenyewe kwa kuiandika bila kufikiri. Mwaka 1991 toleo la 5 la MS-DOS lilikuja na amri ya kuutangua uumbizaji, ili aliyekosea apate nafasi ya kujiokoa kabla hajaandika kitu kingine juu yake. Sisi tuliorithi dhana hii kwa kuchelewa tulikuwa na nafasi ya kurithi na onyo lake pia.

Kuna tatizo la pili, nalo ni letu wenyewe. Tuchukue sentensi ya onyo ambayo mfasiri angeweza kuiandika bila kudhani ina ubaya: “Kuumbiza kutafuta data zote.” Mfasiri amekusudia kwamba kitendo cha kuumbiza kitaziondoa data zote: ku ya ngeli, ta ya wakati ujao, na kitenzi futa. Lakini jicho la msomaji huona kwanza kitenzi tafuta, yaani kusaka kilichopotea, na mtu anayesaka faili zake huenda akabonyeza ndiyo kwa furaha. Hali kadhalika “itafuta” na “itatafuta” hutofautiana kwa silabi moja tu, nazo maana zake ni kinyume. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba katika maonyo ya namna hii kitenzi futa kisitumiwe katika wakati ujao. Iandikwe: “Ukiiumbiza diski hii, kila kilichomo kitapotea.” Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini hakuna atakayekosea kuielewa.

Kiendeshi ni kitu gani?

Neno jingine linalohitaji kupimwa ni kiendeshi. Wakati wa disketi palikuwa na vitu viwili: disketi yenyewe, na mashine iliyoizungusha na kuisoma. Mashine hiyo iliitwa kwa Kiingereza kwa jina la kuendesha, kwa sababu kweli iliiendesha disketi. Diski za ndani zilipokuja, sahani na mashine yake vilifungwa katika kasha moja, na jina la sehemu likawa jina la kitu kizima. Mwaka 2000 zilianza kuuzwa flashi, zile za mwanzo zikichukua megabaiti 8. Ndani ya flashi hakuna kinachozunguka wala kuendeshwa, lakini kwa Kiingereza jina la zamani lilibaki.

Tukisema kiendeshi kwa kitu ambacho hakiendeshi, tunatafsiri historia ya Waingereza badala ya kutaja kitu kilichopo. Watu wa mitaani wamekuwa na busara zaidi: wanasema flashi, diski na memori kadi, na kila mmoja anajua ni kipi kinachoombwa. Tunashauri kiendeshi kibakie kwa mashine inayozungusha, na kwa jumla yake litumike neno hifadhi au diski.

Maumbizo ya leo na jinsi ya kuchagua

Mtu anayenunua diski ya nje leo kwa ajili ya kuweka nakala hukuta orodha ya maumbizo, na kila jina lina historia yake. FAT32 ilitoka mwaka 1996. Inasomwa na karibu kila kifaa, lakini haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, na kwa hiyo video ndefu au nakala ya diski nzima katika faili moja haiingii. NTFS ilitoka mwaka 1993 pamoja na Windows NT. Huweka daftari la mabadiliko, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika, mfumo uweze kujirekebisha. Inafaa kwa anayetumia Windows tu, maana kompyuta za Apple huisoma lakini kwa kawaida haziiandiki. APFS ni ya Apple, na ilienea tangu mwaka 2017. Watumiaji wa Linux wengi wanayo ext4 ya mwaka 2008. Kati ya hizo zote imesimama exFAT ya mwaka 2006, inayopokea faili kubwa na inayoandikwa na Windows na Apple pia. Mwaka 2019 Microsoft iliyaweka wazi maelezo yake, na Linux nayo ikaipokea. Hata hivyo exFAT haina lile daftari la mabadiliko, na diski ikichomolewa kwa pupa inaweza kuharibika.

Kutokana na hayo kanuni ni nyepesi. Diski inayokaa na kompyuta ya aina moja ipewe umbizo la asili la mfumo huo. Diski inayosafiri kati ya mifumo miwili ipewe exFAT, na ichomolewe kwa utaratibu. Uamuzi huo ufanywe siku ya kwanza, diski ikiwa tupu, kwa sababu kubadilisha umbizo baadaye kwa kawaida ni kupoteza kilichomo.

Hapa tutenganishe maana mbili za neno. Picha ina umbizo lake, na waraka una umbizo lake. Hilo ni umbizo la faili. Diski nayo ina lake, na hilo ni umbizo la diski. Mwalimu anayesema umbizo bila kivumishi huwachanganya wanafunzi wake, nasi tunasisitiza kwamba kivumishi hicho kisiachwe.

Nakala ipi ni nakala rudufu?

Sasa tuje kwenye istilahi ya pili. Nakala ni neno la zamani, lenye asili ya Kiarabu, na pwani yetu imelijua tangu enzi za miswada. Rudufu ni kufanya kuwa maradufu. Ofisi zetu zilikuwa na mashine za kurudufu zilizotoa karatasi mia kutokana na stensili moja. Kwa hiyo nakala rudufu, kwa maana ya maneno yake, ni nakala ya pili tu. Haisemi imewekwa wapi wala kwa shabaha gani. Baadhi ya wafasiri wametumia chelezo, yaani kitu kinachoelea majini. Picha yake inavutia, kwani chombo kikizama chelezo hubaki juu. Lakini msomaji wa bara asiyejua bahari hulikuta neno tupu. Wengine husema nakala ya akiba, na jina hili lina sifa ya kutaja shabaha. Akiba haiozi, wasema wahenga, na aliyeweka akiba ya chakula anajua kwamba haiwekwi katika jungu lile lile linalopikiwa.

Hatudhani kwamba nakala rudufu, iliyokwisha kuenea, iondolewe. Tunadhani ifafanuliwe kwa ukali zaidi, na historia inatufundisha ufafanuzi huo kwa mifano minne.

Mfano wa kwanza ni wa diski pacha. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala juu ya kuunganisha diski nyingi ndogo ili moja ikifa nyingine ziendelee na kazi. Njia hiyo, iitwayo RAID, ni nzuri; lakini faili ikifutwa katika diski moja, hufutwa papo hapo katika pacha wake. Hicho ni kioo, si akiba. Ndivyo ilivyo hata kwa huduma za mtandaoni zinazosawazisha faili kati ya simu na kompyuta: zikiachwa kama zilivyo, husawazisha na makosa pia.

Mfano wa pili unatoka katika studio ya filamu ya Pixar. Mwaka 1998, walipokuwa wakitengeneza Toy Story 2, amri ya kufuta ilitolewa kwa makosa na sehemu kubwa ya kazi ikaondoka. Walipozigeukia nakala zao waligundua kwamba utaratibu wa kuziweka haukuwa ukifanya kazi sawasawa. Waliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa mmoja wa wasimamizi wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ipo.

Mfano wa tatu ni wa Mei 2017, programu iitwayo WannaCry iliposambaa katika nchi zaidi ya 100. Ilizifunga faili kwa ufunguo wa siri na kudai fidia, na diski zilizokuwa zimechomekwa katika kompyuta hizo hazikusalimika. Nakala inayokaa imeunganishwa mchana na usiku inashiriki maafa ya asili yake.

Mfano wa nne ni wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake hayakufika kwetu kwa kitabu alichokichapisha mwenyewe. Yalikaa katika vichwa vya watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika pamoja na W. E. Taylor, karatasi hizo zikapelekwa London, na mwaka 1940 W. Hichens akayatoa katika diwani. Mashairi hayo yalipona kwa sababu yalikuwa mahali zaidi ya pamoja, katika namna zaidi ya moja: kinywani na karatasini, Mombasa na ng’ambo. Tunaweza kusikitika kwamba mtafiti wa leo huzifuata karatasi hizo London, lakini hatuwezi kukana kwamba nakala ya mbali ilifanya kazi yake.

Kanuni hiyo hiyo aliieneza mpiga picha Peter Krogh katika muongo wa 2000, kwa hesabu nyepesi kukumbuka: nakala 3 za kila kitu chenye thamani, katika aina 2 za hifadhi, na 1 kati ya hizo ikae mbali na nyumba. Kwa mtu wa nyumbani maana yake ni faili zilizomo katika kompyuta, nakala katika diski ya nje inayochomolewa kazi ikiisha, na nakala ya tatu kwa ndugu au katika hifadhi ya mtandaoni. Tunaongeza kwamba flashi isitegemewe kwa miaka mingi ikiwa imesahauliwa katika saraka. Data zake hukaa kama chaji za umeme, na chaji huvuja polepole.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo. Nakala iwe jina la jumla la kila kilichonakiliwa. Kioo kiwe diski pacha inayobadilika pamoja na asili. Usawazishaji uwe kitendo cha kulinganisha faili kati ya vifaa viwili au zaidi. Nakala rudufu itumike kwa ile tu yenye sifa tatu: imetengana na asili yake, ina tarehe inayojulikana, na imejaribiwa kurejeshwa. Kurejesha, neno ambalo kamusi hulipa mstari mmoja, kuwe sehemu ya ufafanuzi wenyewe, kwa kuwa akiba isiyolika si akiba. Kwa wale wanaofundisha wasomaji wapya, nakala ya akiba ikubaliwe kuwa kisawe chake.

Hitimisho

Tangu mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, hakuna tena anayeweza kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kusema mambo ya kompyuta. Swali lililobaki ni kama kinayasema kwa namna inayomlinda anayekisoma. Mama wa duka anayesoma onyo katika simu yake, na karani wa kijiji anayechomeka flashi yenye orodha ya wakulima, hawana kamusi mkononi wakati huo. Wana neno moja mbele yao na kidole juu ya kitufe. Tukilitunga neno hilo vizuri, tutakuwa tumewatunzia na kazi yao.